Jina Ambalo Halikuitwa Katsepy

Wafanyakazi wenzake katika msitu wa kisiwa cha Nosy Be, Madagaska, walimwita Valio, na wachache kati ya wageni walijua kwamba jina alilopewa na wazazi wake ni Boinali. Valio, kwa Kimalagasi, ni "jibu", na ndilo neno alilolitamka kazini kuliko jingine lolote. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Waya nene ilifungwa kutoka mti mmoja mkubwa hadi mwingine, juu ya bonde. Mgeni aliyekuja kisiwani kupumzika alivishwa mkanda na kofia ngumu, mkanda ukaning'inizwa kwenye kapi, naye akateleza juu ya vilele vya miti mpaka jukwaa la pili. Huko ndiko alikosimama Boinali, ameshika kamba ya breki. Kwa wafanyakazi wengine ishara ya mkono ilitosha. Boinali alisoma jina la mgeni kwenye karatasi yake, akaliita kwa sauti kuvuka bonde, na mgeni alitakiwa kuitika. Asipoitika, haachiwi.

"Valio! Valio!" alipaza sauti, mpaka wenzake wakadai kwamba hata kasuku wa msituni wamekwisha kumwigiza.

"Kaka, huyu Mfaransa masikio yake mazito," Soulé, aliyewavisha wageni mikanda, alimtania siku moja kwa redio ya mkononi. "Nimwache aende na uziwi wake?"

"Mwandikie jina kiganjani, aitike kwa mkono. Nina siku nzima."

"Siku unayo wewe. Mzee wa watu ameshaanza kuvua kofia!"

Walicheka, na hakuna aliyemuuliza sababu. Lakini Soulé alikuwa ameona jambo moja. Asubuhi za ukungu, upepo ulipolisukuma kapi tupu nalo likateleza lenyewe kuvuka bonde, Boinali aliliangalia likimjia, akalipokea kwa mikono miwili, akasimama kitambo kama mtu anayemtafuta aliyeletwa.

Sababu ilianzia mji wa bandari wa Mahajanga, mtaa wa Tsaramandroso, mwishoni mwa mwaka 1976, watu wenye asili ya Ngazidja, kisiwa cha Komoro, walipokuwa wakiwindwa mitaani. Boinali alikuwa na miaka kumi na mmoja, dada yake Zaïnabou miaka sita. Mama yao, Koulsoum, alikuwa mjane. Jirani Msakalava, mwenyeji wa pwani hiyo, aliwaficha watatu hao katika ghala lake la magunia, wakakaa humo wiki tatu wakinong'ona. Boinali aliwasikia watu wakisimulia kwamba jina peke yake lilitosha kumponza mtu. Basi, kwa akili yake ya kitoto, akampa dada yake jina la Kimalagasi: Soa, yaani "jema".

Alimfundisha kwa bidii ya mwalimu mkali. Alimwita ghafla kwa jina la Zaïnabou, anapokula, anapocheza, anapofumbua macho kutoka usingizini. Akigeuka, alimfinya sikio. Asipogeuka, alimpa punje ya karanga. Mama hakuambiwa. Zaïnabou lilikuwa jina la marehemu bibi yao, na Boinali aliona kwamba kulikana ni dhambi, dhambi aliyotaka kuibeba peke yake.

Januari ilipoingia, jirani aliwatafutia nafasi katika mashua ya kuvuka ghuba kwenda Katsepy. Koulsoum alishikwa na homa, akashushwa ufukweni Katsepy akiwa amebebwa. Boinali alimwachia dada yake mkono ili amshike mama miguu, kwa muda ambao haukuzidi wa kuvuka uwanja wa nyumba. Alipogeuka, hakumwona. Ufuko ulijaa watu, na kila mmoja alikuwa akimwita mtu wake.

"Zaïnabou! Zaïnabou!"

Aliita mpaka sauti ikakauka. Hakuna mtoto aliyegeuka. Mashua ya pili, ya kwenda kaskazini hadi Nosy Be, ilikuwa ikijaa, mama alikuwa hajitambui, na nahodha alisema kwamba anayebaki na abaki. Boinali alipanda na mama yake.

Walipokelewa Nosy Be na mjomba aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Dzamandzar. Koulsoum alipopata nguvu, mwaka 1978, alirudi Katsepy akaulizia nyumba kwa nyumba. Baadaye akatuma barua, akawaagiza wasafiri. Boinali mwenyewe alikwenda mwaka 1986. Swali lilikuwa lile lile, na jibu lile lile: hapa hajafika mtoto anayeitwa Zaïnabou. Koulsoum aliaga dunia mwaka 1998, akiwa bado anageuza kichwa kila mlango ulipobishwa. Kiwanda, ambako Boinali naye aliajiriwa, kikafungwa. Boinali akahamia kazi ya msituni, na kile kimya cha Katsepy, kilichofuata baada ya jina kuitwa, kikahamia pamoja naye.

Tena si kwamba alilisahau jina la Soa. Aliamini kwamba mtoto wa miaka sita hawezi kulishika jina la uongo hata siku moja mbali na mwalimu wake.

Agosti mwaka 2013 walifika wageni kutoka Mahajanga, wanawake wanne waliokuja kisiwani kwa mapumziko. Kwenye karatasi ya Boinali, wa tatu aliandikwa Rahamatou. Aliita, akasikia sauti ikiitika, akatoa ruhusa. Mwanamke yule alikuwa mwepesi. Kapi lilipunguza mwendo, likasimama kabla ya kumfikia, naye akabaki akining'inia juu ya bonde. Kwa hofu akaanza kuinua mkono ili aishike waya mbele ya kapi, mahali ambapo vidole husagwa kapi likivutwa.

"Rahamatou! Shusha mkono! Rahamatou!"

Mwanamke hakugeuza hata shingo. Ufuko ule ulikuwa umerudi, na kimya chake.

"Kaka!" redio ikapiga kelele. Alikuwa Soulé. "Rahamatou yuko huku, ameogopa akampisha mwenzake! Ndiye aliyeitika, mimi nilikuwa nimewapa mgongo. Huyo ni binamu yake, Mariamou!"

"Mariamou!" aliita Boinali.

"Labeka!" akaitika papo hapo, akashusha mkono.

Boinali alijifunga, akajivuta kwenye waya mpaka alipomfikia, akamleta jukwaani. Mariamou aliketi akitetemeka, lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

"Wewe baba, unaniitia jina la mtu halafu unanikasirikia! Ungeita Rahamatou mpaka Ijumaa, nisingegeuka. Mtu huitika jina alilolishika."

Boinali aliiweka karatasi chini, akaishika nguzo ya jukwaa. Kwa miaka thelathini na sita, yeye, na mama yake alipokuwa hai, walikuwa wamemwulizia mtoto kwa jina ambalo yeye mwenyewe alimfundisha asiliitike.

Wiki iliyofuata aliomba ruhusa, akasafiri hadi Mahajanga, akapanda kivuko cha Katsepy. Gatini, yaani bandarini, hakutaja Zaïnabou. Aliulizia Soa, mtoto wa miaka sita aliyefika peke yake mwaka wa ghasia. Mchuuzi wa samaki, mwanamke wa makamo, alimtazama sana, kisha akamwelekeza nyumba ya mabati nyuma ya msikiti.

Mbele ya nyumba ile alikaa bibi kizee aliyeitwa Fatoumia, ungo wa mchele mapajani, akichambua chuya na changarawe. Boinali alimwamkia, akamwita Koko, kama Wangazidja wanavyowaita bibi zao, akamweleza shida yake. Vidole vya bibi vilisimama.

"Wewe ndiye yule kaka?"

"Ndimi, Koko."

"Keti, mwanangu. Umechelewa, lakini keti."

Akasimulia taratibu. Siku ile ufukweni majina mengi yaliitwa, na yeye alimkuta msichana mdogo amejikunyata nyuma ya mtumbwi, ameziba mdomo kwa viganja viwili, mabega yakitikisika.

"Nikadhani analia. Nilipomfunua uso, alikuwa anacheka. Nikamwuliza jina, akasema Soa. Nikamwuliza la baba yake, akasema kaka amekataza."

"Na mama yangu? Alifika hapa mwaka 1978."

"Alikaa hapo hapo ulipokaa. Alimtafuta Zaïnabou, mtoto mnene wa mashavu. Nilimwambia simjui, na Mungu shahidi, sikumjua. Soa wangu alikuwa amekonda, na saa ile alikuwa kisimani. Aliporudi na ndoo, kivuko kilikuwa kimekwisha kuondoka."

Boinali alitazama njia ya kisimani. Ilikuwa fupi.

"Homa ilimchukua msimu wa mvua uliofuata," bibi akaendelea. "Siku ya mwisho alinieleza kisa. Alisema kaka yake alimwita ufukweni ili kumjaribu, naye hakugeuka. Akaniuliza, 'Atakuja lini kuniambia kwamba nimeweza?' Jina aliloitwa hakulitaja. Hata ndani ya homa alilishika. Tulimsalia, tukamzika kwa jina la Soa. Sikuwa na jingine la kumpa."

Boinali aliinamisha kichwa. Kisha akasema, polepole, kama anayeliazima neno kwa mtu mwingine:

"Alikuwa Zaïnabou. Zaïnabou binti Mchangama."

"Zaïnabou," bibi akarudia. Ungo ukamwinamia, punje zikadondoka mchangani. "Ndiye niliyesema simjui. Lahaula!"

"Ameweza, Koko," alisema Boinali. "Ameweza kupita nilivyomfundisha."

Jikoni maji ya wali yalikuwa yakichemka, yakipiga kifuniko cha sufuria. Boinali alisogea, akauchukua ungo kutoka mapajani mwa bibi kizee, akauweka kwenye magoti yake. Akatenga mchele upande mmoja, chuya upande mwingine, akaokota changarawe moja moja na kuzitupa pembeni. Akapepeta mara mbili, akapitisha kiganja juu ya mchele kuhakikisha, kisha akampa bibi ungo ukiwa safi.