Taa ya Mlango wa Duka

Mwaka ule familia ile ya wageni wetu haikuwa na Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Nilielezwa asubuhi ya kwanza, nikiwa napanga maboksi ya chakula nyuma ya gari. Kwao, nyumba iliyofiwa haiwashi taa sikukuu ya kwanza baada ya msiba, wala haigawi vitu vitamu. Basi badala ya kukaa Dar es Salaam wakitazama madirisha ya majirani yanavyometameta, mtoto mkubwa wa kiume wa mzee aliyefariki aliwakusanya wote, pamoja na binamu zake kutoka Uingereza, akakodi magari mawili na kuwaleta Ngorongoro kuangalia wanyama.

"Tumekuja kujificha," alisema, na hakucheka.

Nilikuwa msaidizi wa dereva. Nina shahada ya falsafa, na kwa sababu hiyo dereva aliniita Msomi, hasa nilipobeba kreti za soda. Nimezaliwa Mbulumbulu, kwa mama anayeombea mbegu za mahindi kabla ya kupanda. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mbona jirani yetu aliomba vilevile na shamba lake likakauka. Bado nasubiri jibu.

Mjane mwenyewe, bibi wa kundi, alikaa kiti cha mbele, mimi nyuma yake. Alivaa sari nyeupe, na juu yake sweta kubwa ya kiume ambayo hakuivua hata tulipofika chini ndani ya kreta. Mvua ilikuwa ya rasharasha, ukungu umefunika kingo zote, na wengine walikuwa wamesimama vichwa vimetoka paani, wanatafuta faru. Bibi hakuinuka.

"Faru ana nini?" aliniuliza. "Kijana, wewe ni wa huku?"

"Wa Mbulumbulu, bibi."

"Basi unalijua duka lenye ngazi, karibu na soko la Karatu."

Nililijua. Siku hizi linauza vipuri vya pikipiki.

"Niliingia pale nikiwa bibi harusi," alisema. "Nikalia wiki nzima kwa baridi. Mume wangu akanivika sweta yake." Alinyoosha mkono wa sweta kama mtu anayeonyesha ushahidi. Kisha akaniambia kuhusu hospitali. Siku zake za mwisho mumewe alikuwa anaomba arudishwe nyumbani. Walipompeleka kwenye nyumba yao ya ghorofani Dar, aliketi, akatazama kuta, akasema: siyo hapa.

"Najua alikotaka. Akienda kuutafuta mlango ule leo, ataukuta gizani."

Akatoa mkobani taa ndogo ya udongo yenye utambi, imefungwa kwenye leso, na kichupa cha samli.

"Mimi siruhusiwi, na wanangu hawaruhusiwi. Wewe hujafiwa. Utaiwasha wewe pale mlangoni, jua likizama."

"Bibi, mimi siamini mambo haya."

"Nani kakuuliza unaamini nini? Ninachouliza ni kama una kiberiti."

Nilicheka. Lakini ulimi wangu haujui kutulia. Nikamuuliza, kama yuko anayekataza, hatajua kwamba bibi ndiye aliyenituma?

Alimtazama nyumbu aliyesimama peke yake kwenye mvua. "Atajua. Ndiyo maana sitaitazama. Nitageuka."

Muda huohuo mtu alipiga kelele paani kwamba ameona faru. Lilikuwa doa la kijivu ndani ya kijivu, na tukalikodolea macho mpaka likapotea. Wakati wa kupanda kutoka kreta, gari la mbele yetu lilikwama kwenye tope. Bibi alifuta kioo kwa mkono wa sweta, akatafuta jua, akafuta tena. Nami nikajikuta namhimiza dereva.

"Kulikoni, Msomi? Una mchumba Karatu?"

Tulifika Karatu mwanga haujaisha. Nilimwomba dereva asimame, nikasema bibi anataka kununua kitu. Ngazi za duka zilikuwa zimefukiwa na ujenzi wa barabara, ikabaki moja tu. Mwenye duka alikuwa ameikalia, mikono imejaa grisi.

"Karibu bibi. Nikupe tyubu au breki?"

"Nipe mlango," alisema bibi.

Yule bwana alinitazama, akamtazama yeye, kisha akaondoa spana zake bila kuuliza. Niliweka taa, nikamimina samli. Ndipo mtoto mkubwa aliposhuka kwenye gari la nyuma.

"Mama, hii ni nini? Kijana, nani kakuruhusu? Ukiwasha kwa kutumwa na sisi, tumewasha sisi. Au tunadanganyana?"

Lilikuwa swali langu mwenyewe, na kinywani mwake nililichukia.

"Tumefuata kila kitu," aliendelea. "Kila kitu, Mama. Kwa ajili yake."

"Baba yako alisema siyo hapa," bibi alijibu. "Na wewe ulisikia."

Mtoto mkubwa akarudi garini, akafunga mlango na kutazama upande wa pili.

Bibi akageuka, akatazama barabarani. Kiberiti changu kilikuwa kimepata unyevu kule kreta. Njiti zilikatika, zikamenyeka, mwishowe moja ikashika. Mwali ulisimama wima, wa njano, na harufu ya samli ikapanda. Mwenye duka alivua kofia.

Fuso lililojaa vitunguu likapita kwa kasi. Upepo wake ukatupiga miguuni, na taa ikazimika.

Nilikwaruza tena njiti. Zilizobaki zilikuwa uji. Nikamwonyesha mwenye duka kwa ishara: una moto?

"Mimi nimeokoka," alininong'oneza kwa masikitiko, akipapasa mifuko. "Sivuti, sina kiberiti."

"Inawaka?" aliuliza bibi, bila kugeuka.

Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye utambi.

"Inawaka, bibi."

"Haiyumbi?"

"Imetulia."

Mabega yake yalishuka ndani ya sweta. Alivuka kwenda garini akitazama chini, akapanda. Taa niliiacha pale kwenye ngazi, kwa kuwa sikuwa na namna ya kuirudisha asiione.

Tulitoka mjini tukaingia njia ya loji. Mashamba yalikuwa yamelimwa na bado hayajapandwa, meusi pande zote. Bibi alikuwa anaikunja ile leso, anaikunjua.

"Taa ya samli ikizimika," alisema polepole, nisikie mimi tu, "harufu yake hubadilika."

Akaendelea kuikunja.