Maoni ya Jaji

Katika chumba cha kufulia cha hoteli, Ijumaa mchana ilikuwa siku ya kukunja mashuka na kuhukumu vitabu. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Wawili husimama mbali, kila mmoja kashika ncha zake mbili, wanalinyoosha, wanalikunja, halafu wanasogeleana mpaka ncha zikutane. Mkisogeleana hivyo kutwa nzima mtazungumza tu, mtake msitake. Sehemu nyingine za kazi watu huwazungumzia wenzao wasiokuwapo. Na hawa waliwazungumzia, tusidanganyane, ila siku nyingine za wiki. Ijumaa ilikuwa ya vitabu, kwa sababu maktaba ilikuwa ng'ambo ya barabara na karibu kila mmoja wao alikuwa na kadi.

Swali lilikuwa moja: "Unasoma nini sasa, na unaonaje?" Ukiulizwa huruhusiwi kuliachia shuka mpaka ujibu.

Bi Pasi, mkubwa wao kwa umri, alipenda vitabu vinavyoishia na harusi, na visivyo na harusi alivirudisha maktaba kwa hasira kana kwamba vimemtukana. Mrefu, mwanamume wa kwenye mashine, alisoma vya upelelezi tu na kila mara alimshuku mpishi. Halafu alikuwapo Jaji.

Jina hilo alipewa na Mrefu. "Huyu hatoi maoni," alisema siku moja, "huyu anatoa hukumu." Basi likamganda. Jaji alikuwa mwanamke mnene kidogo, mpole, ambaye miaka yote pale kazini hakuna aliyewahi kumgeukia isipokuwa kumwomba sabuni. Sasa alipoanza kusema, polepole, macho yakiwa kwenye pindo la shuka, watu walizima mashine ili wamsikie.

Kumbe Jaji hakuwa akisoma.

Tusimwonee, alijaribu. Alirudi nyumbani miguu imevimba, akafungua kitabu, na kabla hajamaliza ukurasa wa pili kilikuwa kimemfunika uso kama kitambaa juu ya mkate. Aliyekuwa akisoma ni mumewe. Zamani alikuwa fundi wa lifti, mpaka ngazi ilipomtupa, nyonga ikavunjika na ikaunga vibaya. Tangu hapo lifti za mji zilipanda na kushuka bila yeye. Sasa alipika, alifagia kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa kwenye mkongojo, na kazi zikiisha alisoma vitabu ambavyo mkewe alimletea kutoka maktaba. Wakati wa kula alimsimulia. Alikifungua kitabu kama alivyokuwa akifungua mtambo: hiki kinavuta kile, hapa pamelegea, hapa fundi kajificha. Jaji alitafuna na kusikiliza, na Ijumaa aliyafikisha maneno yale kazini yakiwa bado ya moto.

Mwanzoni hakukusudia. Aliulizwa, hakuwa na la kusema, akasema aliloambiwa jana yake. Alitaka kumalizia kwa "ndivyo anavyosema mume wangu." Lakini Bi Pasi alikuwa ameacha kukunja na anamtazama kwa heshima, na Jaji hakukumbuka mara ya mwisho kutazamwa hivyo. Yale maneno machache yakamkwama kooni. Wiki iliyofuata hayakufika hata kooni. Wizi wa namna hii una utamu wake: mwenye mali hajui kama kaibiwa, na jioni anakupakulia tena.

Kisha kikaja kile kitabu ambacho wote walikisoma kwa zamu. Kilihusu familia moja ambayo binti yao katoweka, na kila mtu nyumbani anamtuhumu mwenzake. Pembeni yupo mama mzee mwenye miguu mibovu, anashinda dirishani, hasemi kitu kitabu karibu chote.

"Yule mama mwandishi kamsahau," alisema Bi Pasi.

"Anajaza kiti tu," alisema Mrefu.

Jaji akalinyoosha shuka. "Hakusahauliwa. Ndiye pekee anayejua nani katoka na nani karudi. Lakini mtu akikaa ndani siku zote, watu humzoea, wakawa wanazungumza mbele yake kama wanavyozungumza mbele ya kabati. Nani analiuliza kabati linaonaje?"

 Mrefu alionyesha mkono wake jinsi vinyweleo vilivyomsimama. Na kwa wiki kadhaa baadaye, mtu akirukwa kwenye chai au akikatizwa maneno alipiga kelele: "Jamani, mimi kabati?" Wakacheka, na Jaji akacheka nao, kilemba chake cha ukoka kimemkaa vizuri kichwani.

Lakini siku za mwizi ni arobaini. Bi Pasi ndiye aliyesema kwamba ni aibu kufanya kazi pamoja miaka yote bila kumjua shemeji yao, na kwamba Jumapili watakwenda kumsalimia. Jaji akasema nyumba ni ndogo. Wakasema hawaendi kucheza mpira. Akasema viti havitoshi. Mrefu akasema yeye hata akikaa chini bado atakuwa mrefu.

Jumapili hiyo mumewe alikuwa na furaha ya mtoto. Tangu asubuhi alifagia, akavaa shati lenye kola, akakata mkate vipande sawasawa, na katikati ya meza akakiweka kile kitabu. Jaji alikiona. Alitaka kumwambia asikitaje, lakini angemwambia kwa sababu gani? Akaishia kusema, "Nyonga ikikuuma, wewe kapumzike tu chumbani. Watakuelewa."

"Leo haiumi," alijibu mumewe.

Wageni wakaja, wakasifu mapazia, wakanywa chai. Haikupita muda Bi Pasi akakigusa kitabu. "Na wewe shemeji umekisoma?"

"Nimekisoma mara mbili," alisema mume, akaketi vizuri. Alikuwa ameisubiri nafasi hiyo kuliko mtu yeyote alivyojua. "Mimi, unajua, aliyenigusa ni yule mama wa dirishani. Watu wanasema kasahauliwa. Hakusahauliwa. Mtu akikaa ndani siku zote, wenzake humzoea, wanazungumza mbele yake kama mbele ya kabati..."

Mrefu akapiga paja. "Shemeji! Hayo ya Jaji hayo! Katuambia neno kwa neno, na kabati lake!"

Wakacheka wote. Hawakucheka kwa ubaya, na ndiyo maana kicheko kile kilikuwa kizito kukibeba. Bi Pasi akampigapiga mkononi. "Hongera, shemeji. Wanaume wanaokubali kufundishwa na wake zao ni wachache."

Mume akamgeukia mkewe. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeshika ncha zake mbili za shuka, anamsubiri mwenzake anyanyue zake.

Na Jaji akacheka. Angenyamaza tu, lingekuwa nusu ya kosa. Yeye akacheka na akaongeza na lake: "Mwacheni bwana. Huyu nikimsimulia kitu, hasahau."

"Kweli," alisema mumewe. "Nasikiliza sana."

Akachukua birika ambalo bado lilikuwa zito kwa chai, akaenda nalo jikoni. Aliporudi kiti chake kilikuwa kimeshakaliwa, akaenda kukaa kwenye kile kidogo cha dirishani. Mazungumzo yalikuwa yamehamia kwa mkuu wa hoteli na viatu vyake vinavyolia. Vikombe vilipita mbele ya magoti yake. Mrefu, akiwa na kijiko mkononi, akamuuliza Jaji, "Shemeji anatia sukari vijiko vingapi?"

"Viwili," alijibu Jaji.

Na alipokwisha kusema alilisikia neno lake. Mwenye chai alikuwa amekaa pale pale, ana masikio na ana mdomo, anatazama nje. Jaji akakumbuka jioni ile maneno ya kabati yalipotoka kwa mara ya kwanza. Mumewe aliyasema akiwa ameinamia sahani, kwa sauti ya chini kuliko kawaida. Na yeye, badala ya kumtazama usoni, alikuwa akiyarudia moyoni asije akayasahau kabla ya Ijumaa. Hakuwa akimsikia mtu. Alikuwa akikariri. Aibu ikampanda.

Wageni walipoondoka alingoja agombezwe. Angegombezwa angepata nafuu, angeweza hata kujitetea kidogo. Mumewe aliosha vikombe, akavifuta, akavipanga. Wiki ile alipika kama kawaida, akaulizia miguu yake kama kawaida, ila wakati wa kula hakusimulia kitu. Waswahili wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kila jioni Jaji aliusubiri huo mshindo huku vijiko vikigonga sahani.

"Unasoma nini sasa?" alijaribu Jumatano, kwa sauti ya kujikomba.

"Wewe ndiye Jaji," alisema mumewe, bila ukali wowote. "Utaniambia wewe."

Ijumaa ikafika. Jaji alipangwa pamoja na Bi Pasi kwenye mashuka makubwa. Mrefu alikuwa ameshazima mashine, ameegemea ukuta tayari kusikia hukumu.

"Haya, mwenzangu. Unasoma nini sasa, na unaonaje?"

Jaji alizishika ncha zake. Angeweza kusema kichwa kinamuuma. Angeweza kubuni chochote na wangekipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa jina likishakua hubeba hata lisilokuwamo. Kilichomzuia si ushujaa. Alichoka tu kuwa na uso anaoufunika.

"Sisomi," alisema. "Sijamaliza kitabu hata kimoja tangu mniite Jaji. Yote niliyowahi kuwaambia hapa ni ya mume wangu. Na lile la kabati ni lake. Jumapili alikuwa anasema maneno yake mwenyewe, mkamcheka. Na mimi nikacheka nanyi."

 Mrefu aliacha kuegemea ukuta. Bi Pasi alikuwa ameinamisha uso kwenye shuka.

"Na mimi nikampongeza kwa kufundishika," alisema. "Mtu mzima mimi." Kisha akavuta ncha zake, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Kunja, mama. Kazi haingoji."

Hakuna aliyemwita Jaji tena siku ile. Waliita tu, "Wewe, hebu nipe sabuni."

Nyumbani alimkuta mumewe mezani anamenya viazi. Hakuvua hata viatu. Alimweleza yote akiwa amesimama, haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu.

Mumewe aliendelea kumenya. "Umewaambia yote ni yangu?"

"Yote."

"Na yule mama wa dirishani. Uliwaambia nilikuwa namsema nani?"

"Hapana. Hilo nilishindwa."

"Ulijua lini?"

Angeweza kudanganya na kusema alijua siku nyingi. "Jumapili," alisema. "Kwenye sukari."

Mume akatikisa kichwa taratibu, akakiweka kiazi kwenye sufuria. "Na wewe? Wewe mwenyewe ulimwonaje yule mama?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza maoni yake kwa maana ya maoni yake. Akatafuta, akakuta patupu. "Sikufika kwake," alisema. "Nililala kabla."

Akangoja acheke, na mumewe hakucheka. Akasukuma kile kitabu kwa ncha ya kisu mpaka kikafika upande wake wa meza. Jaji akavua viatu, akaketi, akakifungua karibu na mwisho, akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma vibaya, akikwama kama mwanafunzi mvivu. Mwili ulikuwa umechoka kama Ijumaa zote, lakini aibu ina kazi moja nzuri duniani, nayo ni kumnyima mtu usingizi. Akasoma mpaka viazi vikaisha kumenywa. Wanafamilia wamekwisha kutukanana, wamekaa sebuleni wamevunjika moyo, na mama mzee dirishani, kwa mara ya kwanza, anafungua kinywa:

"Mbona mimi hamkuniuliza?"

Jaji akakwama hapo. Akairudia ile sentensi kwa macho tu. Herufi zilikuwa zimeanza kuogelea, na hakuweza kunyanyua uso, kwa sababu aliyekuwa na swali hilo hakuwa kitabuni, alikuwa mbele yake ana maganda ya viazi mapajani.

"Mume wangu," alisema, macho yakiwa bado chini. "Unasoma nini sasa?"  Akakifunga kitabu. "Na unaonaje?"

 Mumewe alikusanya maganda, akayatia kwenye ndoo, akafuta kisu.

"Vuta kiti karibu," alisema. "Ni mengi, na mengine si ya kitabu."

Akavuta kiti, uso ukimwaka, akakaa kusikiliza. Hakukariri hata neno moja.