Kijiko Kilichoonjwa

Nilimnyang'anya bibi kijiko kikiwa bado mdomoni mwake. Sikubisha hodi, sikumwamkia. Nilikuwa nimetoka ofisini muda wa chai kuja kumnyonyesha binti yangu, aliyekuwa akilelewa pale kwa bibi, nikasimama mlangoni bila yeye kuniona, na yale niliyoyaona pale mkekani yalinisahaulisha kwamba mwanamke yule ana umri wa mama yangu mzazi.

Watoto watano walikuwa wamekaa mstari mmoja, migongo ukutani. Bibi alichota uji wa ulezi, akauonja, akakilamba kijiko mpaka kikang'aa, akachota tena, akamlisha wa kwanza. Akaonja tena, akamlisha wa pili. Kijiko kimoja, vinywa sita ukihesabu na chake. Alipofika kwa wa nne, mtoto wa Bwana Afya wa wilaya, alikiweka kijiko chini kwanza. Mtoto alikuwa amelegea, macho yamezama. Bibi akamvua winda, akalisukumia pembeni kwa mguu, akajifuta mikono kwenye kanga aliyojifunga, akaokota kijiko, akaonja, akamlisha. Lile winda likajikunjua lenyewe taratibu. Ndani yake mlikuwa na makamasi na damu.

Wa tano alikuwa binti yangu, miezi kumi, amekwisha kufungua mdomo.

"Yewe!" bibi akamaka, mkono wake umebaki hewani bila kijiko. "Kuna nini, mwanangu?"

"Mtoto huyu anaharisha damu."

"Anaota meno."

"Nani kakwambia?"

"Baba yake. Na baba yake ndiye Bwana Afya. Mimi nani, nibishane na Bwana Afya juu ya kinyesi cha mwanawe?"

Nilikitupa kijiko uani. Kiligonga debe la maji, na jirani aliyekuwa akitwanga mihogo upande wa pili wa ua wa mabua akaacha kutwanga. Bibi akasimama. Ni mwanamke mfupi, mjane, mtu wa kucheka sana, lakini siku ile uso wake ulikauka.

"Umenipokonya kijiko nilichokwisha kuonja," alisema polepole. "Mbele ya watoto. Unajua umeniita nani?"

Nilijua. Mtu wa huku haambiwi. Kwetu, mwenyeji anayekupa kinywaji au chakula hutangulia kuonja yeye mwenyewe mbele ya macho yako, tunaita gusogongera, ili ujue hakutia kitu. Ukikataa chakula kilichokwisha kuonjwa, umemwita mwenye nyumba mrozi, mtu wa sumu, na neno hilo likishatoka halirudi. Mjane anayeitwa mrozi hakai mji.

"Sijasema umetia sumu, bibi. Nasema kuna vijidudu."

"Viko wapi?" Alikwenda akakiokota kijiko, akakigeuza huku na huku kwenye jua. "Nioneshe kimoja."

"Havionekani kwa macho."

"Wewe umevionaje?"

"Tulifundishwa shuleni."

"Haya. Na hiyo sumu yenu ya shuleni ni ya namna gani, isiyoonekana, na mimi ninayetangulia kuila kila siku sijafa?"

Jirani akacheka kule nyuma ya ua. "Bibi, muulize vilevile kama vinasalimiana."

Nilimbeba mwanangu nikaondoka. Njia nzima kutoka pale mpaka kwenye mikaratusi ya ofisi za wilaya nilikuwa nikimfuta mdomo kwa kitambaa changu, kama vile kufuta kungetosha.

Lakini kilichonishtua zaidi, kilichonifanya nisimame katikati ya barabara na lori la pamba likanipigia honi, ni jambo nililolikumbuka njiani. Mimi ndiye niliyemwambia aonje.

Ilikuwa hivi. Mimi ni karani wa masjala pale Kibondo, na mume wangu alikuwa akifundisha Kasulu, kwa hiyo likizo ya uzazi ilipokwisha nilibaki na mtoto mgongoni na mafaili mezani. Wafanyakazi wenzangu waliniambia juu ya bibi huyu anayelea watoto wa watumishi nyumbani kwake. Mama yangu akapanda lori kutoka Nyakitonto, siku nzima ya vumbi, kuja kunipa onyo moja tu: mwanangu asile kwa watu bila mwenyeji kuonja. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne. Nilikuwa nimechora amiba kwa penseli kwenye daftari la biolojia nikapewa alama zote. Na asubuhi ya kwanza nilisimama kwenye mlango uleule nikamwambia bibi, kwa sauti ya adabu kabisa, "Naomba, kila umlishapo, uonje kwanza. Nisamehe, ni mama kanituma."

Bibi hakukasirika hata kidogo. Alifurahi. "Umelelewa," aliniambia. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, aliona si vizuri kumwonjea mmoja na kuwaacha wengine. Akaanza kuwaonjea wote. Sijui kabla yangu alikuwa akilishaje. Sikumuuliza.

Kumbe vijiko vya siku zilizotangulia vilikuwa vimetosha: siku ya pili yake asubuhi binti yangu hakunyonya. Kufika saa mbili alikuwa amekwisha kuchafua mawinda matatu, na la tatu lilikuwa kama lile nililoliona kwa bibi. Nilimbeba mpaka hospitali nikiwa nimevaa kanga juu ya gauni la kulalia. Utosi wake ulikuwa umebonyea. Nilipoutia kidole kilizama kama kwenye unga.

Mganga msaidizi alimfinya ngozi ya tumbo, akaiangalia inavyochelewa kurudi, akaagiza dawa. Muuguzi akaniletea maji yenye sukari na chumvi kwenye kikombe, na kijiko.

"Kijiko hiki kimechemshwa?" nikauliza.

"Kimechemshwa, mama. Kaa ulishe. Kijiko kimoja, subiri kidogo, kijiko kingine. Akitapika, unaanza tena. Usichoke."

Nililisha siku ile yote na ya pili yake. Sijawahi kukitazama kitu katika maisha yangu kama nilivyokitazama kile kijiko. Jioni ya siku ya pili mtoto alilia na machozi yakatoka, na muuguzi akasema sasa tunaweza kupumua, kwa maana mwanzoni alikuwa akilia makavu. Ndipo akaniuliza kama kuna mwenzake mwingine anayeharisha pale anapolelewa.

"Yupo wa Bwana Afya. Lakini yule eti anaota meno."

Muuguzi aliacha kukunja shuka. "Meno? Yule alikuja hapa juzi ya juzi na baba yake. Ni kuhara damu. Tulimpa dawa, na baba yake akaambiwa mtoto akae nyumbani mpaka tumbo lifunge, na mawinda yake yachemshwe."

"Aliambiwa?"

"Aliambiwa. Akaitikia kwa kichwa, akasema anajua, ni kazi yake."

Niliketi pale kitandani. Ujinga wa bibi niliuelewa. Wa kwangu nilikuwa nimeanza kuumeza. Lakini mtu huyu ndiye aliyekuwa akizunguka vijijini na picha ya nzi mkubwa kama kuku, akiwaambia watu wazima wachimbe vyoo, wanawe mikono, wachemshe maji, na asiyechimba aletwe mbele ya kikao.

Mtoto aliporuhusiwa nilikwenda ofisini kwake kabla ya kwenda kwangu. Ile picha ya nzi ilikuwa ukutani. Alinikaribisha vizuri, ni mtu wa mbali, ana Kiswahili cha kuteleza.

"Karibu, dada. Mtoto hajambo?"

"Kapona kuhara damu. Wako anaendeleaje na meno?"

Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likamwishia. "Dada, kaa. Mke wangu ni mwalimu, wanafunzi wake walikuwa na mtihani. Mimi nilikuwa na mkutano wa hadhara, vijiji vitatu vinanisubiri. Ningemweka wapi mtoto?"

"Ungemwambia bibi ukweli."

"Angemkataa."

"Ndiyo."

Akapanga karatasi zilizokuwa zimekwisha kupangwa. "Tuseme kweli, wewe umesoma. Tatizo si mtoto wangu, tatizo ni yule bibi na kuonja kwake. Kijiko kimoja nyumba nzima. Andika malalamiko juu yake, niletee, kesho nakwenda kuifunga ile nyumba. Sheria ninayo."

Alikuwa akinisaidia. Hicho ndicho kilichonitisha: alikuwa akinipa kalamu, kwa upole, nimfukuze mjane mjini kwa kosa ambalo nusu yake ni la kwangu na nusu yake ni la kwake.

Nilitoka hapo nikaenda kwa bibi. Watoto walikuwa wawili tu. Habari zilikuwa zimeenea. Hakuniangalia, alimwangalia binti yangu.

"Amekonda," alisema.

"Nimekuja kukuomba radhi, bibi. Na kukuuliza. Ukitaka kunionesha huna ubaya, lazima kijiko kiwe kimoja?"

Alifikiri. "Kinachoonjwa ni chakula. Si kijiko."

"Basi onja kutoka kwenye sufuria, kwa kijiko chako, asubuhi, akina mama tukiwa bado tumesimama hapa. Halafu kila mtoto aje na kijiko chake na kikombe chake. Na kabla hujagusa uji, mikono kwa sabuni."

"Na winda?"

"Mwenye kuharisha haji kabisa."

"Hata wa Bwana Afya?"

"Wa kwake ndiye wa kwanza."

Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile. "Hilo liandike, mwanangu. Mimi nikilisema ni maneno ya mrozi."

Nililiandika. Barua zote za afya zilikuwa zikipelekwa mezani kwa Bwana Afya, hivyo sikuiandikia idara yake. Na kwa kuwa masjala ni yangu, niliigonga barua yangu muhuri wa kupokelewa mwenyewe, nikaipa namba, nikaiingiza kwenye rejesta kwa wino, nikaifunga ndani ya jalada, ili asitokee mtu wa kusema haikuonekana. Nakala yake ninayo mpaka leo. Inasema hivi:

Kwa Mkuu wa Utumishi, Wilaya.

Yah: Malalamiko juu ya Bwana Afya, na juu yangu mwenyewe.

Ndugu, husika na kichwa cha habari hapo juu. Nalalamika kwamba Bwana Afya, akiwa ameelezwa na hospitali kuwa mtoto wake ana kuhara damu, alimpeleka kwenye nyumba ya malezi na kumwambia mlezi ni meno. Binti yangu nusura afe. Nalalamika pia kwamba mimi, mwenye kusoma hadi kidato cha nne, ndiye niliyemtaka mlezi aonje kila mlo, zaidi ya mara moja nikamwona akiwalisha wote kwa kijiko kimoja, na nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nawahi kazini.

Mlezi simlalamikii. Aliambiwa uongo na mtu ambaye serikali imemwajiri aseme kweli. Naomba nyumba yake isifungwe. Naomba itolewe amri ya maandishi kwamba mtumishi yeyote, wa cheo chochote, ambaye mtoto wake anaharisha, ana upele wa homa au macho mekundu, abaki naye nyumbani, na asihesabiwe mtoro.

Niko tayari kuitwa na kuhojiwa mbele yake.

Wako katika ujenzi wa Taifa, Karani wa Masjala.

Nakala: Bwana Afya. Nitampelekea mwenyewe kwa mkono, na atasaini.