Nukta za Dakika Moja

Mwalimu Kibibi Twalib ni mzaliwa wa mtaa wa Umoja, na chuo anachofundisha saikolojia kiko papo hapo mtaani, ghorofani juu ya duka la vyombo. Mimi ni fundi wa maabara yake ya kompyuta. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kila mashine inawaka. Mengine huyatazama kwa mbali.

Wanafunzi wa shahada huliogopa somo lake la mbinu za utafiti kwa sababu ya hesabu. Yeye hulifundisha kwa programu inayochora kila jibu kama nukta. "Kabla ya wastani, nionyesheni nukta," husema.

Muhula uliopita, Matheka alikuwa akilirudia somo hilo kwa mara ya mwisho anayoruhusiwa. Angeshindwa, angeondoka chuoni. Jaribio lake lilipima iwapo muziki humchelewesha mtu kubofya pindi duara linapotokea kwenye skrini. Kundi moja lilibofya katika kimya, jingine likisikiliza muziki. La muziki lilichelewa, kama alivyotabiri.

"Mwalimu, imekubali!"

"Imekubali nini, na nukta hujafungua?"

Akazifungua. Karibu zote zilikaa chini pamoja. Juu kabisa, kwenye kundi la muziki, palikuwa na kishungi cha nukta za dakika moja, za watu waliochukua dakika nzima kubofya.

"Hapa palitokea nini?"

Matheka alishika kichwa. "Mzee Phares aliingia."

Mzee Phares ni mlinzi wetu. Haingii chumbani bila kumpa mkono kila aliyemo, na hakuna kijana wa mtaa huu atakayeuacha mkono wa mzee ukining'inia eti anabofya duara.

Walipoziondoa nukta hizo, tofauti ilitoweka.

"Mwalimu, matokeo yakiyeyuka, nami nitayeyuka nayo."

"Andika ulichokiona, na sababu ya kuziondoa. Kutopata tofauti pia ni jibu."

Aliandika hivyo. Siku ya kuitetea kazi yake, alifungua programu mbele ya watahini, akawaonyesha kile kishungi, akawaeleza habari za Mzee Phares. Walicheka, kisha wakamwuliza maswali magumu. Akayajibu kwa utulivu, kipanya mkononi. Akafaulu.

Mwalimu Kibibi aliinuka. Alizunguka meza, akampa mkono.

Siku hizi, kabla ya jaribio lolote, Mzee Phares huitwa kwanza. Hupita, humsalimia kila mmoja, hutoka. Ndipo Mwalimu anaponitazama, nami, kwa fahari nisiyoionyesha, naifungua programu.