Mfuko Mtupu Kutoka Kwenye Kanda

Redioni kwetu Kasongo, masimulizi ya wazee tuliyorekodi yalikaa kwenye ordinateri, yaani kompyuta, ya ofisi, lakini mashine ya kanda ya kuyahifadhi ilikuwa katika chumba cha ng'ambo ya uwanja. Mfumo endeshi wetu ulikuwa na programu mbili za kuandika kwenye kanda ya mbali, moja ya haraka, moja ya polepole, na ilibidi tuchague. Nilibisha sana nikitetea ile ya haraka. Ndiyo tabia yangu.

Mama fundi wetu alitaka kwanza kuzijaribu. Kwao, upande wa Wamaza, ukituma mchele kwa pikipiki, humwulizi mwenye pikipiki kama mchele umefika. Unangoja mpokeaji akurudishie mfuko mtupu. Basi akatuma simulizi moja, la bibi mmoja wa Lusangi, kwa programu zote mbili, na katikati akakata umeme makusudi, maana hapa hukatika tu. Uliporudi, zote ziliendelea, kisha zikatangaza kwamba zimemaliza.

“Zimesema,” akaniambia. “Sasa zirudishe mufuko.”

Akaziagiza zisome zilichoandika kwenye kanda: ya haraka ikamrudisha bibi akiwa amekatika katikati ya kisa. Ya polepole ikamrudisha mzima, mpaka kikohozi chake cha mwisho.

Nikachagua mwenyewe ile ya polepole. Bibi yule tulikuwa tumeshamzika.