Nembo Upande wa Kulia

Watu walisema shangazi yangu ni bahili. Neno hilo sikulipenda tangu utotoni, na mtu akilitamka mbele yangu hata leo tutakosana hapohapo. Bahili hubana fedha zake mwenyewe. Shangazi alibana fedha za wenzake, tena bila kuombwa, tena kwa hasara yake. Mama mmoja wa mtaani akimletea kitambaa kipya cha sare ya mwanawe, Shangazi alikipapasa, akamtazama mtoto kuanzia utosini hadi miguuni, kisha akauliza, "Ile ya mwaka jana iko wapi?"

"Imepauka, fundi. Halafu inambana."

"Sijakuuliza imefanya nini. Nimekuuliza iko wapi."

Mama wa watu alirudi nyumbani akaileta, na kitambaa kipya kikawekwa kabatini kingoje mwaka mwingine.

Alikuwa fundi cherehani. Tulipanga vyumba viwili, na kile cha mbele ndicho kilikuwa cha kazi, cherehani ikikaa mlangoni kabisa ili ipate mwanga. Jina lake halisi alilijua mwenye nyumba peke yake, kwa sababu ya mkataba. Kwa wengine wote alikuwa Fundi Geuza. Nguo ya shule ikishapigwa na jua na sabuni mpaka haijulikani ilikuwa rangi gani, yeye aliipindua na kukuonyesha upande wa ndani, ambao rangi yake bado ipo. Basi aliifumua yote, mshono kwa mshono, akaishona upya ndani ikiwa nje. Kola za mashati zilizolika shingoni alizibandua, akazigeuza, akazirudisha mahali pake. Mapindo ya suruali aliyakunja mara tatu na kila mwaka akayateremsha kidogo, kwa hiyo kulikuwa na wavulana waliomaliza shule ya msingi kwa suruali mbili tu, na hakuna aliyewahi kuona vifundo vyao vya miguu.

Kilichomchosha kilikuwa kufumua. Akaweka sheria: anayeleta nguo ikiwa imefumuliwa nyumbani analipa nusu. Wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, mtaa mzima ulikuwa unafumua. Ungepita ukamwona baba mzima kakaa kizingitini na wembe, ulimi nje, anachokonoa nyuzi za sketi ya binti yake. Jirani yetu mmoja, mwashi, mtu wa miraba minne, alifumua shati la mwanawe kwa bidii mpaka akafumua na matundu ya vifungo. Akaja na kifurushi kwapani, anatabasamu.

"Fundi, sijabakiza kitu!"

Shangazi alitandaza vile vipande mezani akavitazama weee. "Ni kweli, baba. Hujabakiza kitu."

Alimshonea, tena kwa nusu ileile. Lakini tangu siku hiyo kila alipokutana naye alimuuliza kama nyumba anazojenga bado zimesimama.

Mimi niliishi naye tangu nikiwa na miaka minne. Mama yangu alikuwa amefariki, na baba, kaka yake Shangazi, alikuwa mlinzi wa ghala katika mji wa mbali, akituma alichopata na kuja alipoweza. Shangazi hakujaliwa mtoto. Alinigombeza asubuhi hadi jioni, na sikumbuki hata siku moja niliyolala bila yeye kuja kunifunika. Nilimpenda, ila nilikuwa mtoto, na mtoto haoni ajabu kupendwa.

Nikafaulu. Si kufaulu kwa kawaida. Nilichaguliwa kwenda sekondari ya bweni ambayo wazazi wa mtaani kwetu waliitaja kwa heshima, kama mtu anayemtaja mkwe. Barua ya shule ilipofika, nyuma yake kulikuwa na orodha ya mahitaji. Shangazi alikaa kwenye kiti cha cherehani, akaniambia nisome moja moja.

"Shuka mbili."

"Tunazo."

"Ndoo yenye kifuniko."

"Ndoo ipo. Kifuniko nitakitafuta."

"Madaftari kumi na mawili."

"Ya mwaka jana yana kurasa nyeupe nyuma. Tunazichana, nazishona pamoja. Endelea."

"Sketi mbili, mashati matatu."

"Unamsomea nani hayo? Endelea."

"Koti la bluu lenye nembo ya shule. Linapatikana katika duka la shule." Nikasoma na bei.

Aliinama akaokota uzi sakafuni. Kisha akasema, "Soma tena."

"Ni hivyohivyo, Shangazi."

"Basi soma na hapo chini."

Hapo chini paliandikwa kwamba mwanafunzi atakayefika siku ya kwanza akiwa na upungufu wowote hatapokelewa, na nafasi yake itapewa mwingine. Lile koti peke yake lilikuwa kodi yetu ya miezi mitatu. Alichotuma baba kilikuwa kimeshamezwa na ada. Nilijua hesabu hiyo bila kuambiwa, nikakunja barua, nikaanza kujizoesha kufikiri kwamba hata shule ya kutwa ya pale mtaani si mbaya.

Kesho yake Shangazi alivuka barabara kwenda kwa muuza mkaa, ambaye kijana wake alimaliza shule hiyohiyo miaka michache nyuma. Alirudi na koti begani. Alilipata kwa ahadi ya kuwashonea mapazia ya nyumba nzima. Mabegani lilikuwa limefikia rangi ya maji ya kufulia. Nililitazama nikaangua kilio.

"Limepauka! Tena ni la kiume!"

"Nani kakwambia?" akasema. "Lete wembe."

Tulilifumua siku nne. Kila kipande alikiandika namba kwa chaki, akakipiga pasi, akakilaza juu ya mwenzake. Koti la kiume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia, na la kike ni kinyume chake. Ukiligeuza ndani nje, kila upande unahamia kwa mwenzake. Alipoanza kuviunga akaliona hilo, akacheka peke yake mpaka akaacha kukanyaga cherehani.

"Njoo uone, mama!" Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Limeingia la kiume, linatoka la kike, na sijatoboa tundu hata moja!"

Ila mfuko wa kifuani nao ulihama. Haukuwa mfuko wa kubandikwa juu, ambao ungebanduliwa tu na kupelekwa kwingine. Ulikuwa umechanwa kwenye kitambaa chenyewe, upande wa kushoto, na sasa ule mchano ulikuwa kulia. Shangazi aliuziba kwa nyuzi alizozivuta kwenye pindo la koti lenyewe, kazi ya asubuhi nzima, lakini ukisogea karibu uliona kovu. Kitu pekee cha kulifunika kilikuwa nembo.

"Nembo itakaa kulia," akasema.

"Shangazi, nembo inakaa kushoto! Wote wanaweka kushoto!"

"Ukijitazama kwenye kioo itakuwa kushoto."

"Shuleni hawatanitazama kwenye kioo!"

"Basi wakikutazama, geuka utembee kinyumenyume. Nipe sindano."

Siku ya kufungua shule tulifika asubuhi, yeye na sanduku langu la bati kichwani, mimi na ndoo. Foleni ilianzia getini ikapinda ukutani. Wasichana wengine walishuka kwenye magari, makoti yao bado yana mikunjo ya dukani. Nilisimama mkono wa kulia nimeukunja kifuani, kama mtu mwenye kiungulia. Mbele yetu msichana mmoja alikosa brashi ya viatu, akatolewa pembeni, na mama yake akakimbia kwenda kutafuta duka huku ameshika viatu vyake mkononi.

Mwalimu wa zamu alikuwa mwanamke mrefu, miwani inaning'inia kwenye kamba shingoni. Alikagua sanduku langu, akaweka alama kwenye karatasi. Shuka, sawa. Madaftari aliyafunua, akapitisha kidole kwenye mshono wa katikati, akaweka alama. Kisha akaniambia nishushe mkono.

"Hii nembo imehama lini?"

Nyuma yangu mtu alicheka, wakacheka na wengine. Mwalimu alivaa miwani yake. Aliinua ukingo wa nembo kwa ukucha, akaliona lile kovu. Akapindua pindo, akatazama ndani, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega.

"Koti hili limegeuzwa."

Akaliachia pindo, akanitazama usoni.

"Nani amelishona?"

Ningeweza kusema nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nilikuwa na hofu, nafasi yangu ilikuwa inaniponyoka. Yote ni kweli. Lakini lililonisukuma ni aibu, aibu tupu, mbele ya wasichana wa makoti ya dukani. Nikasema, "Simjui, mwalimu. Ni fundi tu wa mtaani."

Shangazi alikuwa hatua moja kutoka kwangu.

Mwalimu akamgeukia. "Na wewe mama, ni nani yake?"

Uso wa Shangazi haukubadilika hata kidogo. "Mimi? Mimi si mtu wake, mwalimu. Nimembebea sanduku tu kutoka stendi." Na ili mwalimu asiwe na shaka, akaninyooshea kiganja, kama mchukuzi anayesubiri ujira.

Nilikuwa na sarafu moja mfukoni, aliyonipa yeye asubuhi ile ya kununulia sabuni. Nikaiweka kwenye kiganja chake.

"Bahati mbaya," mwalimu akasema, akiandika. "Ningempata huyo fundi leo, ningempa kazi leo. Tuna stoo imejaa makoti yaliyoachwa na waliomaliza, yote yamepauka hivi, na kila mwaka nasimama hapa kurudisha watoto nyumbani kwa ajili ya koti. Nimewauliza mafundi watatu, wote wanasema haiwezekani." Akaweka alama ya mwisho. "Na hakuna mahali palipoandikwa nembo ikae upande gani. Pita."

Nikawa nimepokelewa, na mtu yeyote mwenye akili angebeba ndoo yake aingie. Nilimtazama Shangazi. Nilijua amesikia kila neno. Kazi ya stoo nzima, yeye ambaye alikuwa anadaiwa mapazia ya nyumba nzima kwa ajili yangu. Angeweza kufungua mdomo. Alifumba kiganja juu ya ile sarafu, akasema, "Haya, binti, soma kwa bidii," akageuka akaanza kuondoka, akipita kando ya foleni kwa hatua zake fupifupi.

Binti. Hakuwahi kuniita hivyo tangu niwe na akili.

"Shangazi!"

Foleni nzima iligeuka isipokuwa yeye.

"Mwalimu, nimesema uongo," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Huyo ndiye fundi. Ni shangazi yangu. Ndiye aliyenilea."

Hapo Shangazi akageuka. "Mwalimu, usimsikilize. Mtoto kapigwa na jua."

"Ni shangazi yangu!"

"Hajala tangu asubuhi huyu, anaweweseka. Mwache apite."

Nilitupa ndoo chini nikamkimbilia. Nilimshika mkono, akanivuta, nami nikamvuta, tukawa kituko pale mbele za watu, lakini nilikuwa nimeshamrithi ubishi. Nilimburuta mpaka kwa mwalimu, nikakifungua kidole chake cha shahada kwa nguvu, kile kilichojaa alama za sindano mpaka ngozi imekuwa ngumu, nikamwonyesha. Mwalimu alikishika akakitazama. Kisha akanitazama mimi, na mtazamo ule nilistahili.

"Makoti yako stoo, fundi," akamwambia taratibu. "Utaanza lini?"

Shangazi, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu mtaani, alikaa juu ya sanduku langu, palepale getini, katikati ya njia. Akajifunika uso kwa ile ngumi iliyokuwa bado imefumbata sarafu yangu, akalia, nami nikapiga magoti nikalia kwenye mapaja yake, na mwalimu akawaambia wengine wapite pembeni.