Mkunjo wa Tisa

Fundi alijalidi vitabu vya maktaba kwa miaka thelathini na minne, na kusoma hakujua. Waliolijua hilo walikuwa wawili, yeye na mkewe. Mwaka huu mkewe alifariki. Akabaki analijua peke yake.

Siku ya kuomba kazi aliulizwa kama anasoma. Akasema anasoma. Mwenye njaa hana miiko. Wakampa chumba cha chini, chenye dirisha moja lililo usawa wa viatu vya wapita njia. Humo mlikuwa na meza ndefu, jiliwa la kubania, kisu, gundi, uzi na sindano. Wakamletea vitabu vilivyochoka. Akavifungua, akavisafisha, akavishona upya, akavivika jalada. Mkono wake ulikuwa mzuri. Kitabu kilichopita kwake hakikukiona tena chumba kile mpaka miaka kumi ipite. Nia yake ilikuwa moja tu: afie kwenye meza ile. Na ili abaki nayo, ilibidi siri ikae.

Ufundi wenyewe ni huu. Kitabu ni mikunjo. Karatasi moja kubwa hukunjwa mara tatu, zikapatikana kurasa kumi na sita. Huo ni mkunjo. Kumi au kumi na miwili ya hiyo ikishonwa pamoja mgongoni, ndiyo kitabu. Chini ya ukurasa wa kwanza wa kila mkunjo wapiga chapa huweka neno moja la jina la kitabu, na namba. Namba Fundi alizijua. Neno alilitazama kama unavyotazama uso wa mtu: refu, fupi, lenye pembe mbele, lenye mkia nyuma. Uso ukifanana na uso, namba ikifuata namba, anashona.

Yaliyobaki alifanya mkewe. Yule mwanamke alisoma kila kilichopita mbele yake, hata karatasi iliyofungia chumvi. Tangu mwanzo walikuwa na mpango wao. Kitabu kikishafunguliwa, Fundi alitia mikunjo mitatu minne ndani ya shati, akaenda nayo nyumbani. Ni kosa. Mali ya maktaba haitoki bila kuandikwa. Lakini mikunjo iliyolegea nani anaihesabu? Alasiri, wakishakula, mke alisoma kwa sauti, na mume alisikiliza huku anapaka uzi nta. Mkunjo ukiisha, mke aliuzungushia uzi wa rangi: wa kitabu hiki mwekundu, wa kile kijani, mume asije akachanganya. Asubuhi unarudi kazini. Kwa njia hiyo waliila maktaba nzima kidogo kidogo, kama panya. Mtaani Fundi alihesabiwa msomi. Jirani yake, fundi saa, akishindwa naye kwenye mabishano alimwambia, "Wewe ukifa tutakuzika na kabati."

Mkewe alianza kuumwa tumbo. Hospitali walimpima, wakampa dawa za maumivu, wakamwita binti yao pembeni, wakamwambia ajiandae. Binti anakaa mji mwingine na ana watoto wadogo. Alikuja, akarudi, akaja tena. Fundi hakuitwa pembeni, wala hakuuliza. Mkewe alijaribu zaidi ya mara moja. Alianza, "Baba, siku nikiondoka," naye Fundi alimkatiza pale pale. "Maneno hayo tuyaache. Kunywa dawa."

Wiki zile kule chini kulikuwa na vitabu viwili vimefunguliwa. Kimoja riwaya, Tarumbeta Bila Mdomo. Cha pili historia, Tarumbeta Mjini, habari za muziki wa bendi, tangu bendi za askari mpaka za kumbi za dansi. Rafuni juu kulikuwa na vingine viwili vilivyoanza kwa neno hilo hilo, lakini hivyo vilikuwa vizima, havimhusu. Hivi viwili vilitoka kiwanda kimoja. Karatasi moja, kimo kimoja, mikunjo kumi na miwili kila kimoja. Chini ya kila mkunjo: Tarumbeta, na namba. Kwa Fundi walikuwa mapacha, na mapacha mama yao ndiye anayewajua.

Wakaanza na riwaya. Ilikuwa ya mpiga tarumbeta aliyemwacha mkewe akafuata bendi ya askari vitani. Miaka ikapita, barua zikakatika. Mke wa Fundi aliisoma tangu mkunjo wa kwanza mpaka wa nane, kwa siku nyingi, maana sauti ilikuwa imebaki nusu. Uzi wa rangi hakufunga. Vidole havikuwa na nguvu tena, na Fundi aliona haya kumkumbusha mgonjwa mambo ya uzi. Mkunjo wa nane uliwaachia pabaya. Mke wa mpiga tarumbeta yuko ndani, anasikia hatua zinasimama mlangoni.

Siku ya pili Fundi akachukua mkunjo wa tisa mpaka wa kumi na mbili, akampelekea. Mkewe akafungua. Akatazama kwa kitambo. Halafu akamtazama mumewe. Akasema, "Niwekee mto vizuri." Akasoma.

Alisoma alasiri tatu. Aliyesimama mlangoni alikuwa mpiga tarumbeta mwenyewe, amekonda, mfuko begani. Mkewe hakulia wala hakumgombeza. Alimwambia kwamba zamu ya kusafiri sasa ni yake, anakwenda kwao, na mume abaki na nyumba. Akamzungusha chumba kwa chumba. Dirisha la nyuma lifungwe kabla mvua haijaanza, bawaba yake mbovu. Asile amesimama kama punda. Hati ya kiwanja iko chini ya sanduku la nguo, si kabatini. Akikosana na binti yao, aende yeye kwanza, asikae akisubiri heshima ya uzee.

Fundi alishangaa kidogo. Alisema waandishi nao wana mambo, mtu katoka vitani juzi anapewa habari za bawaba. Mkewe alicheka mpaka akashika tumbo.

"Ndivyo ilivyoandikwa," akasema.

Alisoma kidogo na kunyamaza sana. Fundi alijua ni maumivu. Siku ya tatu jua lilikuwa linashuka na walikuwa hawajafika mbali. Mkuu wa maktaba alikuwa amekiulizia kitabu. Fundi akasema, "Kaza mwendo kidogo, mama. Kinatakiwa kesho."

Mkewe akasema sawa. Akamaliza kwa maneno machache. Mwanamke alitoka, akafunga mlango kwa nje, mume akasikiliza hatua zake mpaka zikaisha. Basi.

Siku ya tano baada ya hapo alifariki, asubuhi, binti akiwa bado njiani.

Fundi alizika, akakaa wiki moja, akajikaza kisabuni, akarudi kwenye meza ambayo hakuigusa tangu alasiri ile ya mwisho. Mikunjo aliyoisikia nyumbani aliiweka pamoja, tangu wa kwanza mpaka wa kumi na mbili. Iliyobaki akaiweka pamoja. Akashona vyote viwili kwa uzi mpya, akavivika jalada, akavipeleka juu. Ilikuwa kazi safi.

Miezi minne ikapita. Wasomaji wa riwaya hawakusema neno. Labda walidhani ndio mtindo wa kisasa. Aliyelalamika ni mwalimu wa muziki. Alikuja na Tarumbeta Mjini chini ya kwapa, akamwambia mkutubi kwamba amekaa na bendi kwa kurasa mia na ishirini na nane, na alipofunua ya mia na ishirini na tisa akamkuta mwanamke analia. Alitaka kujua huyo mwanamke alipiga chombo gani.

Mkuu akamwita Fundi ofisini. Mkutubi, binti wa umri wa mwanawe, alikuwa amekaa pembeni na vitabu vyote viwili magotini. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alieleza kosa lenyewe, kisha akampa mlango wa kutokea. "Ni macho, Fundi? Sema tu ni macho. Umri huo hata mimi naukaribia."

Neno moja lilitosha. Lakini kuna mtu akifunguliwa mlango hupigania dirisha. Fundi alikuwa na miezi minne ya kukaa kimya nyumbani, na kitu pekee alichokuwa na hakika nacho duniani kilikuwa kile kitabu.

"Macho yangu hayana neno," akasema. "Hicho cha bendi sikitetei. Lakini cha riwaya ni sawasawa, wa kwanza mpaka wa mwisho. Nimekisoma mwenyewe."

Mkuu akamuuliza kama ana hakika. Fundi akamwambia asikilize basi. Akawasimulia: mpiga tarumbeta mlangoni, mfuko, dirisha, bawaba, hati chini ya sanduku, mlango kufungwa kwa nje. Alisimulia vizuri, kwa maneno yale yale. Mkutubi alifungua mkunjo wa tisa, akafuata kwa kidole. Kidole kikasimama. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine.

"Mzee wangu," akasema taratibu. "Hapa hakuna mlango wala bawaba. Hapa ni habari za bendi. Nani alipiga ngoma, nani alinunua tarumbeta mbili. Nionyeshe uliposoma hayo."

Akampa kitabu. Fundi alikipokea. Alikishika kama fundi anavyoshika kazi yake, kidole gumba mgongoni. Akatazama ile mistari. Halafu akaweka kidole mahali, popote.

Mdomo huponza kichwa. Mkuu alivua miwani. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, tangu lini.

"Tangu wewe unavaa kaptula," Fundi akasema.

Mkutubi aliuliza nani alimsomea. Akasema mke wake. Akauliza kama alimsomea humu humu, kwenye karatasi hizi. Akasema hizo hizo, alizibeba yeye mwenyewe ndani ya shati. Kwa hiyo na hilo nalo likatoka.

Mkuu alisema la kutojua kusoma angeweza kulimeza, ila mali kutoka nje ya jengo miaka thelathini na minne, hilo halimezeki. Wakaguzi wakija litamnasa yeye kooni. Kwenye barua ataandika uzee. Mwisho wa mwezi Fundi akapumzike. Vitabu hivi viwili avitengeneze kwanza.

Fundi akasema asante.

Kesho yake mkutubi alishuka naye chini. Fundi alikata uzi, akavifungua vyote viwili, na yule binti akatenganisha mikunjo, huku na huku, akisoma mstari mmoja mmoja. Ilimchukua dakika kumi. Kisha akashika mikunjo minne ya kweli ya riwaya, akasema hii ndiyo yake, na kama mzee anataka atamsomea mwisho.

Fundi akauliza, "Anarudi?"

"Harudi. Mlangoni ni mtu wa barua. Mpiga tarumbeta alifia hospitali ya mbali, tarumbeta akaiuza kabla."

Fundi akatikisa kichwa. Alikaa kwenye kiti chake. Akamwona mkewe vile alivyofungua ule mkunjo, akautazama, akamtazama yeye. Mkewe aliliona kosa mara moja. Angeweza kusema tu, si hii, nenda kaniletee nyingine. Hakusema. Labda hakutaka kumtia haya mumewe siku zimebaki chache. Labda alikuwa na yake ya kusema, na amekatazwa kuyasema, akaona mtu huyu hamsikilizi mke ila kitabu. Fundi aliyapima yote mawili, na yote mawili yalimchoma. Ule ukimya haukuwa wa maumivu peke yake. Mgonjwa, tumbo linamla, ameshika habari za bendi mkononi, anatafuta kichwani jambo gani mwanamume huyu hatalijua akibaki peke yake. Dirisha. Chakula. Hati. Binti. Naye akamwambia akaze mwendo.

Sasa lililofuata baada ya binti lilikuwa lipi? Hakuna wa kumuuliza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mkutubi alikuwa bado amesimama, mikunjo mkononi. Akauliza tena kama amsomee.

"Si hiyo," Fundi akasema. Akanyoosha mkono kwenye fungu la pili. "Nisomee hii."

"Hii ni ya bendi, mzee. Ndefu, na hadithi haina."

"Ndiyo aliyokuwa anaiona."

Mkutubi akatazama chini. Akavuta debe la gundi, akalikalia, akafungua mkunjo wa tisa. Ulianza na ukumbi wa dansi wenye sakafu ya mbao, uliojengwa na fundi seremala kwa ajili ya harusi ya mwanawe na baadaye ukakodishwa. Bendi ya kwanza ilikuwa na tarumbeta mbili na ngoma moja. Ya pili ilikosana na ya kwanza kwa sababu ya sare. Aliendelea hivyo, bendi kwa bendi. Fundi alisikiliza, sindano mkononi, hajatia uzi. Kengele ya saa sita ililia, mkutubi akapanda. Saa nane akashuka tena bila kuitwa.

Walimaliza siku ya tatu. Mkunjo wa kumi na mbili ulikuwa majina matupu, wapigaji na vyombo vyao, na pembeni alama ya nyota kwa kila aliyekwisha kufa. Nyota zilikuwa nyingi. Mkutubi akauliza kama aruke.

Fundi akasema asiruke hata moja.